Sura ya Saba: Kulia kwa Lango, Nyuzi 45

Mfungaji halisi ana mahali pake uwanjani, kama mvuvi alivyo na mwamba wake. Pa Kunishige Kamamoto palikuwa ndani ya eneo la hatari, upande wa kulia, pale ambapo ukilitazama lango unaliona kwa mshazari wa nyuzi 45. Mpira ukimfikia hapo, aliutuliza mara moja, akaupeleka kidogo kwenye mguu wa kulia, akafumua shuti la kukata lango hadi kwenye nguzo ya mbali. Mabeki wa ligi nzima ya Japani walilijua shuti hilo, na makipa waliota ndoto zake, lakini kwa miaka 17 liliendelea kutikisa nyavu. Wajapani wa rika lake ukiwatajia nyuzi 45 za kulia, hawakuulizi unamzungumzia nani.

Katika sura hii nataka kumfuata mtu huyu kutoka mahali pale hadi kwenye benchi la kocha, umbali wa mita thelathini au arobaini tu, lakini safari iliyomgharimu kuliko zote alizowahi kusafiri.

Alizaliwa Kyoto tarehe 15 Aprili 1944, vita ikiwa bado haijaisha. Watoto wa mitaa ile walicheza besiboli, na yeye pia aliipenda. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba mwalimu wake wa shule ya msingi ndiye aliyemgeuza: besiboli, alimwambia, inachezwa Japani na Marekani, lakini kandanda inachezwa dunia nzima, na anayeijua vizuri anaweza kufika Olimpiki. Kwa mtoto wa nchi iliyoshindwa vita na kufungiwa milango, neno dunia lilikuwa na uzito wake. Akaacha gongo, akashika mpira wa miguu, akaucheza katika shule ya sekondari ya Yamashiro na baadaye Chuo Kikuu cha Waseda mjini Tokyo. Waseda iliyokuwa na Kamamoto ilitwaa Kombe la Mfalme, mashindano makubwa ya mtoano ya nchi nzima, msimu wa 1963 na tena msimu wa 1966. Mara ya pili wanafunzi waliifunga Toyo Kogyo, mabingwa wa ligi, mabao 3 kwa 2. Tangu hapo hakuna chuo kikuu kilichorudia jambo hilo.

Wakati huo Japani ilikuwa imeajiri Mjerumani mmoja mfupi wa kimo, mwenye subira ya mwalimu wa madrasa. Dettmar Cramer alifika mwaka 1960 kuiandaa timu kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Alikuta wachezaji wenye pumzi na nidhamu, lakini mpira ukiwafikia unaruka kama umegonga ukuta. Akaanza na alifu: namna ya kupiga pasi kwa upande wa ndani wa mguu, namna ya kutuliza mpira, namna ya kugeuka. Alikataa kukaa hotelini peke yake, akalala na wachezaji kwenye nyumba ya wageni ya Kijapani na kula walichokula. Matunda yalionekana Tokyo, Japani ilipoifunga Argentina 3 kwa 2. Ghana ikawafunga Wajapani kwa hesabu hiyohiyo, kisha Chekoslovakia ikawatoa kwa mabao 4 bila jibu. Kamamoto alikuwa na miaka 20. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwenye mapaja mazito na shuti kali, ila alikuwa mzito pia wa kuanza. Kati ya kupokea mpira na kupiga, beki alipata nafasi ya kufika.

Kasoro hiyo ilitibiwa Ujerumani Magharibi. Mwanzoni mwa 1968 alipelekwa peke yake Saarbrücken, akawekwa chini ya Jupp Derwall, yule ambaye baadaye angeifundisha timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi. Kwa miezi miwili hivi hakuwa na ligi wala mashabiki, ila baridi, mpira, na Derwall aliyemrudisha mwanzo kila siku. Mfano wake wa kuiga alikuwa Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques, mji ambao leo tunauita Maputo. Hufurahi kila mara nikikumbuka jambo hili: mshambuliaji mkubwa kuliko wote wa Japani alijifunza kupiga mpira kwa kumtazama Mwafrika wa pwani yetu hii ya Bahari ya Hindi, kusini ya Ruvuma. Alichokichukua kwa Eusébio ni ule ufupi wa tendo, kutuliza, kugeuka na kupiga vikiwa kitu kimoja. Aliporudi nyumbani wenzake walishangaa. Pengo ambalo beki alizoea kulitumia lilikuwa limezibwa.

Safari ya Mexico ilikuwa imeshapatikana, kwa tundu la sindano. Katika mchujo wa Asia uliochezwa Tokyo mwaka 1967, Japani iliipiga Ufilipino 15 kwa 0, Kamamoto akifunga sita. Kisha wakatoka sare ya 3 kwa 3 na Korea Kusini, mechi ambayo Japani iliongoza kwa mabao mawili, ikarudishiwa, Kamamoto akafunga la tatu, Korea ikarudisha tena. Mwisho wa hesabu, timu hizo mbili zilifungana pointi, na tofauti ya mabao ikaamua. Yale mabao 15 ya Ufilipino, ambayo siku yake yalionekana kama uonevu, ndiyo yaliyowapandisha Wajapani ndege.

Mechi ya kwanza ya Olimpiki, Oktoba 1968 mjini Puebla, ilikuwa dhidi ya Nigeria. Kamamoto alifunga mabao yote matatu, Japani ikashinda 3 kwa 1. Dhidi ya Brazil walikuwa nyuma kwa bao moja mpaka alipoushusha mpira kwa kichwa, Masashi Watanabe akaumalizia. Kwenye mechi ya tatu, dhidi ya Hispania, ndipo ninapotaka tutue mzigo kidogo.

Kocha Ken Naganuma na msaidizi wake Shunichiro Okano walikuwa wamepiga hesabu. Wakiongoza kundi watakutana na wenyeji Mexico robo fainali. Wakimaliza wa pili watakutana na Ufaransa. Agizo likatoka benchi kuelekea uwanjani: msifunge. Mfikirie mshambuliaji mwenye miaka 24, miguu ikiwaka moto, anaambiwa katikati ya mechi ya Olimpiki asifunge. Alitii. Mechi ikaisha bila bao, Hispania ikaenda kutolewa na Mexico, na Japani ikaifunga Ufaransa 3 kwa 1, Kamamoto akiwa na mawili kati ya hayo. Nadhani siku ile ya Hispania ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na ukweli wa kazi ambayo baadaye angeifanya yeye. Anayekaa benchi anaweza kuona jambo jema kwa timu ambalo mtu aliye uwanjani, kwa maumbile yake, hawezi hata kulitamani.

Nusu fainali Hungaria, ambao waliondoka na dhahabu, waliwapiga 5 kwa 0. Ikabaki medali ya shaba, na wapinzani walikuwa Mexico haohao waliokwepwa, katika uwanja wa Azteca, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Dakika ya 18, winga wa kushoto Ryuichi Sugiyama alimimina krosi. Kamamoto akaituliza kwa kifua, akapiga kwa mguu wa kushoto. Kabla ya mapumziko Sugiyama akamtafuta tena, na safari hii ulikuwa mguu wa kulia. Mambo yakawa mawili kwa bila. Mapema kipindi cha pili kipa Kenzo Yokoyama akapangua mkwaju wa penalti, na umati wa Mexico, kwa hasira ya kuwaona vijana wao hawaendi mbele, ukaanza kuwashangilia Wajapani. Filimbi ilipolia, waliokuwa na nguvu ya kusherehekea walikuwa wachache. Walirudi walikofikia wakaanguka vitandani kama magunia.

Kamamoto alimaliza Olimpiki akiwa mfungaji bora, mabao 7 kati ya 9 ya timu yake, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo. Miaka 24 umri wake, na dunia aliyoahidiwa na mwalimu ilikuwa imefunguka mbele yake. Lakini Juni 1969 aliugua homa ya ini. Mchujo wa Kombe la Dunia la 1970 ukachezwa Seoul yeye akiwa hayupo, na Japani ikashindwa. Mlango wa kwenda kucheza Ulaya nao ukafungika. Kuna wachezaji ambao ugonjwa wa namna ile ungewageuza kuwa kumbukumbu. Yeye mwaka 1970 alirudi akawa mfungaji bora wa ligi.

Ligi yenyewe inahitaji kuelezwa. Ilianzishwa mwaka 1965, kwa ushauri wa Cramer, na timu zake zilikuwa za makampuni. Msomaji wa Mombasa aliyekua akiishangilia Bandari, au wa Morogoro aliyeishangilia Reli, ataelewa upesi: mchezaji ni mwajiriwa, ana meza yake ofisini au zamu yake kiwandani, na mpira ni sehemu ya utumishi. Kamamoto alijiunga mwaka 1967 na Yanmar Diesel ya Osaka, wale waunda injini ambao jina lao limebandikwa kwenye mashine za mashambani na maboti ya uvuvi hadi katika fukwe zetu. Yanmar ilikuwa timu dhaifu, ya saba kati ya nane katika msimu wa kwanza wa ligi. Kocha Kenji Onitake aliijenga upya kumzunguka Kamamoto. Mwaka huohuo wa 1967 kampuni ilimleta kutoka Brazil kijana wa asili ya Kijapani, Nelson Yoshimura, mchezaji wa kwanza wa kigeni katika ligi ile. Yoshimura alikuwa na mguu laini, Kamamoto alikuwa na mguu mzito, na wawili hao wakajuana kama upawa na chungu. Yanmar ikawa bingwa wa ligi mwaka 1971, 1974 na 1975.

Mwaka 1978 Onitake aliondoka, na kampuni ikamkabidhi Kamamoto timu bila kumvua jezi. Akawa kocha-mchezaji akiwa na miaka 34.

Cheo hicho kina ugumu wake. Kocha-mchezaji hupanga kikosi ambacho yeye ni mmoja wao. Humkemea beki kwa kosa, kisha dakika mbili baadaye yeye mwenyewe anakosa bao mbele ya beki yuleyule. Akijipanga, watanong'ona kuwa anajipendelea, na akijiweka benchi, nyavu hazitikisiki. Kamamoto alilimaliza tatizo kwa njia pekee aliyoijua. Msimu wake wa kwanza kama kocha alikuwa tena mfungaji bora wa ligi, mara ya saba. Mwaka 1980 Yanmar ikatwaa ubingwa, na yeye, akiwa na miaka 36, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka, nayo pia mara ya saba. Ukiitazama timu ile utasema ilifundishwa vizuri, na ni kweli. Lakini naona ilikuwa na kocha aliyebeba jibu la maswali yake mwenyewe miguuni. Mbinu ikikwama, aliingia eneo la hatari, upande wa kulia.

Mwaka 1981 alifikisha mabao 200 ya ligi. Mwaka uliofuata mshipa wa kisigino ulimkatika. Kwa umri wake wengi wangeweka viatu kabatini, ila yeye alirudi, na siku ya kwanza ya Januari 1984 aliingia akitokea benchi katika fainali ya Kombe la Mfalme, Yanmar ikafungwa na Nissan. Akastaafu akiwa na mabao 202 katika mechi 251 za ligi. Kwa timu ya taifa, hesabu ya shirikisho la soka la Japani inasema mechi 76, mabao 75.

Mtu wa takwimu atayapita hayo haraka, lakini mimi nimekaa nayo muda mrefu. Kazuyoshi Miura, sura ya soka la kulipwa la Japani, alifunga 55 katika mechi 89. Shinji Okazaki, aliyekuwa bingwa wa Uingereza na Leicester, alifunga 50 katika mechi 119. Nchi ambayo leo inasambaza wachezaji katika kila ligi kubwa ya Ulaya bado inaongozwa, kwenye orodha ya wafungaji wa timu ya taifa ya wanaume, na mwajiriwa wa kampuni ya injini za dizeli.

Baada yake kulikuja ukame. Japani haikuiona tena Olimpiki ya soka la wanaume mpaka 1996, miaka 28. Kombe la Dunia halikuonekana hata mara moja mpaka 1998. Viwanja vya ligi vilibaki na watazamaji wachache na sauti za makocha zikisikika mpaka jukwaani. Ndiyo maana mipango ya ligi ya kulipwa ilipoiva, klabu zilitafuta majina ya kuwavuta watu, na huko Osaka jina lilikuwa moja tu.

Mwaka 1991 Kamamoto alichukua timu ya Matsushita, kampuni ya vyombo vya umeme, ambayo punde ikabadilishwa kuwa Gamba Osaka, mojawapo ya klabu kumi zilizoanzisha ligi hiyo ya kulipwa, J.League. Tarehe 16 Mei 1993, katika uwanja wa Bustani ya Expo, Gamba ilicheza mechi yake ya kwanza ya ligi ikaifunga Urawa Red Diamonds bao 1 kwa 0, mfungaji akiwa Masahiro Wada. Jiji lilipumua. Mambo yalionekana yataendelea hivyo.

Hayakuendelea. Mwaka huo wengine walikuwa na Zico, na wengine walikuwa na Miura. Gamba ilikuwa na mshambuliaji mkubwa kuliko wote, lakini alikuwa amevaa suti. Msimu wa kwanza waliumaliza katikati ya jedwali, wa pili wakashuka chini zaidi. Mwishoni mwa 1994 aliondoka, na Mjerumani Siegfried Held akashika nafasi yake.

Wapo wanaosema kwa wepesi kwamba mchezaji mkubwa hawezi kuwa kocha mkubwa. Sikubaliani nao, kwa sababu ubingwa wa 1980 upo na haufutiki. Ninachokiona katika ile miaka ya Gamba ni jambo jingine. Kipaji cha Kamamoto kilikuwa cha kurudia. Alipiga shuti lilelile maelfu ya mara mpaka mwili ukalijua bila kuuliza kichwa. Kitu cha namna hiyo hakielezeki ubaoni. Cramer aliweza kumfundisha kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mfungaji wa ajabu, hivyo alilazimika kulivunja kila tendo vipande vipande ili alielewe. Derwall vilevile. Kamamoto alikuwa ameyameza masomo hayo kiasi kwamba yalikuwa yamekuwa damu, na mtu hawezi kumtolea mwenzake damu kwa maneno. Kutoka benchi aliiona nafasi ile ya nyuzi 45 ikifunguka, akamwona kijana wake anatoa pasi badala ya kupiga. Nina hakika kwamba iliuma.

Miaka mitatu baada ya kuondoka kwake, mwaka 1997, Gamba ilimleta kutoka Ufaransa Patrick Mboma wa Kameruni. Alikuwa mkubwa wa mwili, mguu mzito, asiyesubiri kuambiwa apige. Alifunga mabao 25 katika mechi 28, akawa mfungaji bora wa ligi. Mshambuliaji ambaye Kamamoto angemtaka alikuja, na hakumkuta.

Hakuifundisha tena timu ya ligi. Mwaka 1995 aliingia Baraza la Juu la Bunge akakaa kipindi kimoja, na kutoka 1998 akawa makamu wa rais wa shirikisho, wakati nchi ikijiandaa kuandaa Kombe la Dunia la 2002 pamoja na Korea Kusini. Hiyo kazi ya ofisini aliifanya kwa uaminifu, lakini sina mengi ya kuieleza hapa. Kinachonivuta zaidi ni jiji lake la pili. Yanmar, timu aliyoifungia mabao 202, iligeuka kuwa Cerezo Osaka na kuingia J.League mwaka 1995. Matsushita ikawa Gamba. Kwa hiyo klabu mbili za Osaka zinapokutana, na jiji likagawanyika waridi upande mmoja na bluu na nyeusi upande mwingine, mtu yuleyule yuko kwenye msingi wa zote mbili, kwa moja kama mguu, kwa nyingine kama sauti.

Kamamoto alifariki tarehe 10 Agosti 2025, mwenye miaka 81, katika mkoa uleule wa Osaka.

Picha inayobaki nami ni ya tarehe 25 Agosti 1984, usiku wa mechi yake ya kuagwa katika Uwanja wa Taifa, Tokyo. Watu zaidi ya 60,000 walikuja, katika miaka ambayo ligi yenyewe ilikuwa ikichezwa mbele ya viti vitupu. Pelé alikuwa amesafiri kutoka Brazil, Wolfgang Overath kutoka Ujerumani, wote wakavaa jezi kwa ajili yake. Mechi ilipokwisha wakamwinua mabegani, mmoja kila upande, na yule jamaa mzito wa mapaja akapunga mkono juu ya vichwa vya mabingwa wawili wa dunia. Miguu yake ilikuwa inaning'inia, haigusi majani.